Buti za mtumba kwa msimu wa baridi: mtindo gani unatoka, na soli itakayobomoka inajulikanaje?

Binti_Meru

Habari za leo wadau. Nauza viatu vya mtumba Arusha, vingi kwa picha za simu, na nina wateja wanaoagiza kutoka Njombe na Makambako. Juni hiyo inakuja. Nataka kuingiza buti, jozi kama 30 za kuchagua moja moja, si belo zima; nyingi za kike, chache za kiume. Naomba mnisaidie haya:

Mtindo gani wa buti unatoka kwa sasa? Mitandaoni naona za magotini na za kikauboi, lakini nikienda sokoni zilizojaa ni zile fupi za soli nene.

Halafu kuna buti inaonekana mpya kabisa, ngozi inang'aa, mteja akiivaa mara mbili soli inakatika vipande kama keki. Fundi akigandisha haishiki. Ugonjwa gani huo, na nitaujuaje kabla sijalipa?

La mwisho ni saizi. 38 hii si sawa na 38 ile, mara UK, mara US. Mnapimaje?

Naomba majibu ya kueleweka, msiniambie "inategemea".

---

Soli_na_Kisigino

Dada, naanza na la pili maana ndilo linalokula mtaji.

Soli inayomeguka hivyo ni ya poliurethani, mafundi tunaiita PU. Ni povu lililogandishwa, jepesi, linakaa vizuri mguuni, ndiyo maana viwanda vinalipenda. Ubaya wake linanyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo, na yale maji yanaikata PU kwa ndani hadi inakosa nguvu ya kushikana. Kwanza inalainika, kisha inanata, mwisho inakuwa makombo. Kuchakaa kwa kutembea ni jambo jingine kabisa. Huu ni umri. Kwa kawaida inafika miaka mitano hadi kumi tangu kiatu kitoke kiwandani, na kikikaa kwenye joto na unyevu inawahi zaidi. Sasa fikiria njia ya mtumba: ghala, kontena, ghala la Dar, kibanda cha bati. Na usidanganyike na jozi "haijavaliwa". Kiatu kinachovaliwa soli yake inakunjwa na kupumua. Kilichofungiwa ndani ya mfuko wa nailoni miaka sita kinaoza kimya kimya.

Namna ya kuijua sokoni, na haichukui hata dakika moja:

Bonyeza ukucha wa dole gumba ubavuni mwa soli, pale katikati ya ngozi na sehemu inayokanyaga chini. Hesabu hadi tano, achia. Soli nzima inarudi. Iliyooza inabaki na shimo la ukucha, au inakuachia unga, au inanata kidoleni. Ikinata, rudisha mezani, hata kama ni ya bure.

Kunja buti pale vidole vinapokunjikia, taratibu, kisha uangalie ubavuni kwenye mwanga. Nyufa nyembamba kama nywele zikitokea, hiyo imeshaondoka. Fanya hivyo kwa miguu yote miwili, maana mmoja unaweza kuwahi.

Toa kitanda cha ndani kama kinatoka, paguse kwa vidole. Ukikuta unga wa njano au wa kahawia, au pananata kama asali, povu la kati limeanza.

Tafuta tarehe. Soli nyingi za kumiminwa zina duara dogo chini lenye mshale: mshale unaonyesha mwezi, na katikati kuna tarakimu mbili za mwaka. Buti za kazi za Ulaya, zenye alama ya EN ISO 20345, zina tarehe ya kutengenezwa kwenye lebo au ulimini. Ukiona 2016, hata kama inapendeza vipi, hiyo ni ya kupambia kabati.

Sio kila soli ina ugonjwa huu. Raba halisi ni nzito, ukiikunja inarudi kwa nguvu, na ikizeeka inapasuka juu juu lakini haiwi makombo. EVA ni ile ya malapa: nyepesi kupita zote, haimeguki, ila inabonyea na kubaki bapa kisiginoni. PVC (plastiki ya kumiminwa) na TPR (plastiki inayofanana na raba) zina mng'ao wa plastiki na hazina vitundu vya povu. Ya kuogopa ni ile nyepesi yenye vitundu vidogo sana ukiangalia palipochubuka. Buti nyingi za kupandia milima na za kazi zinachanganya: chini raba, katikati PU. Ukigusa chini tu utasema nzima, kumbe katikati pameoza. Ndiyo maana nimesema ubavuni.

Gundi haishiki kwa sababu fundi anagandisha kwenye unga. Dawa ni kung'oa soli yote hadi kwenye ngozi na kuweka soli nyingine, kazi inayolipa pale tu ambapo juu ni ngozi halisi na bado ina uhai.

---

Mali_Kamera

Upande wa mtindo, kwanza elewa kalenda yao. Ulaya na Marekani mitindo ya baridi inaonyeshwa jukwaani Februari na Machi, inaingia madukani Agosti na Septemba, inavaliwa hadi Machi nyingine. Mwenye nayo akiichoka baada ya miaka miwili mitatu ndipo anaitoa, inachambuliwa, inafungwa belo, inapanda meli. Kwa hiyo unachokiona Instagram leo na kilichomo kwenye belo leo vina miaka kati yao. Chelsea, yaani buti fupi zenye lastiki ubavuni, za soli nene yenye meno zilipamba moto huko 2020 hadi 2022, na ndizo unazoona zimejaa. Za kikauboi zilirudi kwa nguvu 2023 na 2024, hizo ndiyo kwanza zinaanza kushuka. Buti za swedi (ngozi yenye vinyweleo vifupi laini) ya kahawia, rangi ya chokoleti hadi ya tumbaku, ndizo zilizoshika 2024 na 2025. Kwenye mtumba utaziona za mtindo wa zamani tu, na hazina tatizo, swedi ni swedi.

Unganisha na alichosema fundi hapo juu: Chelsea ya 2020 sasa hivi imeshaingia kwenye umri wa hatari. Mtindo ukiwa umejaa sokoni, soli zake nazo zimefika pabaya. Usinunue kumi za kufanana bila kukagua kila mguu.

Kwa jozi 30 za Arusha na Njombe ningegawa hivi. Fupi za kifundoni, Chelsea na za zipu ya pembeni, jozi 16. Hizo zinavaliwa na jinzi, gauni refu, suruali ya ofisini. Nyeusi ziwe nyingi, kisha kahawia, kisha damu ya mzee mbili au tatu, hazikosi mtu. Za kamba za tundu nane, mtindo wa Dr. Martens 1460, jozi 5. Mtindo ule umetoka 1 Aprili 1960 na haujawahi kuzeeka, na soli yake ni PVC, haina ugonjwa wa PU. Za kikauboi 4. Za kiume 5: Chelsea za ngozi na zile fupi za swedi zenye tundu mbili ambazo Clarks walizitoa 1950. Angalia soli ya krepu ya hizo za mwisho. Ni raba asilia, kwenye baridi ya Njombe inatulia, lakini ukiiacha kwenye gari juani inalainika, inanata na kuzoa kila uchafu.

Za magotini sijaziweka kabisa. Zinapigwa picha vizuri, zinalala dukani.

Na zenye manyoya ndani epuka kwa Arusha. Julai asubuhi ni nyuzi 12 au 13, mchana zinapanda hadi 20 na ushee, mguu unaloa jasho saa nne asubuhi. Njombe na Makete, ambako umande unaganda usiku, hapo zina mwenyewe. Jozi mbili za kuagizwa, si za kuweka stoo.

---

Pima_Kwanza

Saizi ina hesabu yake.

Namba ya Ulaya: kila namba ni theluthi mbili za sentimita, yaani milimita 6.7. Pima mguu wa mteja kwa sentimita, ongeza 1.5, zidisha kwa 1.5. Mguu wa sentimita 24: 25.5 mara 1.5 ni 38.25, anavaa 38. Wa sentimita 25 unapata 39.75, mpe 40. Wa sentimita 26.5 unatoa 42 kamili.

Namba ya Uingereza inapanda kwa theluthi ya inchi, karibu milimita 8.5, ndiyo maana hazigongani sawasawa na za Ulaya. Shika hizi: UK 5 ni kama 38, UK 6 ni 39, UK 8 ni 42. Ya Marekani ina mtego. Ya kike toa 2 upate UK, ya kiume toa 1. Kwa hiyo US 8 ya kike ni 39, na US 8 ya kiume ni 41. Buti za kamba hazina jinsia usoni, mtu anasoma 8 anauza, mteja anapiga simu. Ukikuta 240 au 245, hiyo ni urefu wa mguu kwa milimita, mtindo wa China na Korea; 240 ni 38.

Lakini usiuze kwa namba, uza kwa sentimita. Kwenye kila picha andika vipimo vinne: urefu wa kitanda cha ndani, urefu wa kisigino, kimo cha shingo ya buti kuanzia juu ya kisigino, na mzunguko wa shingo kwa juu. Kitanda cha ndani kiwe kirefu kuliko mguu kwa sentimita 1 hadi 1.5, zenye ncha kali mbele ongeza nyingine, maana ile ncha ni tupu, kidole hakifiki. Mteja apime mguu jioni, amesimama, kisigino kikiwa ukutani, na soksi atakayovaa.

Kwa za kikauboi kuna la ziada. Hazina zipu wala kamba, zinashikwa na mgongo wa mguu tu. Ikiwa mpya mguuni, kisigino kinapanda kama sentimita moja ukitembea. Hiyo ni sawa, soli ya ngozi ikizoea kukunjika kinatulia. Mwambie mteja mapema, vinginevyo atairudisha akisema kubwa. Na ile soli ya ngozi kwenye marumaru yenye maji inateleza kama sabuni. Fundi abandike raba ya milimita 2 mbele kabla hujaiuza, bei unaiongeza.

Sikubaliani na Mali_Kamera kuhusu za magotini. Hazilali kwa sababu ya mtindo, zinalala kwa sababu muuzaji haandiki mzunguko wa shavu la mguu. Za Ulaya namba 38 nyingi shingo yake ni sentimita 35 hadi 38. Mteja wako mwenye shavu la mguu la sentimita 40 zipu inamkwama katikati. Mpime akiwa amekaa, unyayo wote chini, palipo panene zaidi, kisha shingo ya buti izidi kipimo hicho kwa sentimita 1.5 hadi 2 kama atavaa juu ya jinzi. Ukichukua tatu tu, zenye lastiki nyuma, na ukaandika kipimo, zinatoka.

---

Mali_Kamera

Hapo kwenye lastiki nyuma nakubali. Isiyo na lastiki na iko 36, bado simnunulii mtu.

---

Binti_Meru

Asanteni sana, hii ya ukucha nimeielewa. Mawili yamebaki. Kuna buti za reksini zinafanana na ngozi hadi nachanganyikiwa, kisha zinabanduka magamba. Na nyingine zina mstari mweupe kama wimbi chini karibu na soli, nikipaka kiwi unapotea, wiki ijayo umerudi. Huo ni ukungu?

---

Soli_na_Kisigino

Si ukungu, ni chumvi. Nchi za theluji wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, buti inainyonya pamoja na maji, yakikauka chumvi inabaki imechora wimbi sentimita mbili tatu juu ya soli. Kiwi inaifunika tu, ikipata unyevu inapanda tena. Changanya siki nyeupe kijiko kimoja na maji vijiko viwili, lowesha kitambaa kisha ukikamue, pangusa buti yote, si mstari peke yake, la sivyo utabaki na baka. Acha ikauke kivulini, rudia mara mbili tatu, ndipo upake krimu ya ngozi na mwisho kiwi. Kama chini ya mstari ngozi imeshakakamaa na kupasuka pale inapokunjikia, chumvi imekula, usiichukue.

Ukungu wenyewe ni madoa ya mviringo yenye manyoya na harufu ya stoo. Siki na maji nusu kwa nusu, ndani na nje, kisha upepo mwingi.

Reksini. Zilizouzwa Ulaya zina alama ndogo za picha, ndani ya shingo, ulimini au chini ya soli, zimepangwa tatu: ya juu ya kiatu, ya bitana, ya soli. Umbo la ngozi ya mnyama iliyotandazwa maana yake ngozi. Umbo hilo likiwa na msambamba (umbo la almasi) katikati, ni ngozi iliyopakwa tabaka la plastiki. Msambamba peke yake ni vitu vingine, hapo ndipo reksini ilipo. Mraba wenye wavu ni kitambaa. Hii ni sheria yao tangu miaka ya tisini, na inakuokoa kubishana. Tahadhari moja: ngozi inaweza kuwa kwenye bitana na juu ikawa reksini, kwa hiyo angalia safu ya kwanza.

Lebo ikiwa imefutika, tafuta palipokatwa, juu ya shingo au kwenye tundu la kamba. Ngozi inaonyesha nyuzi zilizosokotana kama pamba iliyoshindiliwa. Reksini inaonyesha kitambaa kilichofumwa na ngozi nyembamba ya plastiki juu. Usichome kiberiti, unaharibu mali ya mtu.

Magamba yale ni ugonjwa uleule wa soli: tabaka la juu la reksini nyingi ni PU, na inaoza kwa unyevu vilevile. Inaanzia inapokunjika, mgongoni mwa kisigino na kando ya zipu. Nyoosha hapo kwa vidole viwili. Ukiona mistari midogo kama ngozi ya kobe, miezi michache tu. Haina dawa. Rangi ya kupuliza inaficha hadi inafika kwa mteja.

---

Fundi_Kijiweni

Naongezea la kugandisha, maana soli nzima za PVC na TPR nazo zinaachia, na hapo kosa ni la gundi. Gundi ya njano ya kawaida haidumu kwenye PVC. Ndani ya plastiki ile kuna mafuta ya kuilainisha, yanatoka taratibu na kuyeyusha gundi. Omba gundi ya PU, ile isiyo na rangi, inayopitisha mwanga. Ndiyo, jina ni lile lile la soli inayooza, lakini kwa gundi ndiyo mkombozi.

Kwaruza pande zote mbili kwa msasa namba 60 hadi mng'ao uishe. Pangusa kwa asetoni, subiri ikauke. TPR inahitaji dawa yake ya kuandalia kabla ya gundi, bila hiyo unajisumbua. Paka gundi nyembamba pande zote, iache dakika 20, paka ya pili, subiri 10 hadi 15 hadi isishike kidole. Ipashe kwa dryer ya nywele mpaka ing'ae tena, kama nyuzi 60 au 70, kisha bandika mara moja, maana haisogei ikishagusana. Gonga kwa nyundo kuanzia katikati kwenda pembeni. Saa 24 bila kuvaliwa. Wanaoharibu ni wale wanaopaka nene na kubandika ikiwa mbichi: tina (kiyeyushi cha gundi) iliyomo inakosa pa kutokea, soli inafunguka siku ya tatu.

Chelsea: vuta lastiki kwa vidole na uachie. Ikichelewa kurudi, au ukisikia mlio wa nyuzi kukatika, lastiki imekufa. Hiyo inabadilishika, tofauti na soli: inafumuliwa, inakatwa mpya kwa kipimo cha zamani ukiacha sentimita moja kila upande ya mshono, inashonwa kwenye matundu yaleyale ili ngozi isichanike. Tumia lastiki pana ya viatu, si ya sketi. Kwa hiyo Chelsea ya ngozi yenye lastiki mbovu na soli ya raba, inunue, utaipunguzia bei na bado inapona.

Zipu ikifunga juu na kuachia chini, meno mara nyingi hayana kosa, ni kichwa kimepanuka. Kibane kidogo kwa koleo, ubavu mmoja kisha mwingine, nusu milimita inatosha. Ikigoma badilisha kichwa peke yake. Nyuma yake kumeandikwa namba, nyingi za buti ni 5, na za nailoni hazichukui kichwa cha zipu ya chuma. Pitisha mshumaa kwenye meno kabla ya kumpa mteja.